Taruma Lilihesabiwa

Kengele ya shule yetu pale Logas ni kipande cha reli,
urefu wa mkono, kimening'inizwa kwa mnyororo wa baiskeli.
Mwalimu alikigonga kwa boliti saa moja kamili
nasi tukakimbia, tukisukumana mlangoni,
tusijue chuma kile kiliwahi kuwaamsha wengine.

Babu Wagimin alikuwa hakipendi.
Kikilia, aliweka chini kikombe chake,
akangoja kinyamaze,
kama angojavyo mtu jeneza lipite.

Alitoka Purworejo, kisiwa cha pili, mwaka wa njaa.
Mkuu wa kijiji alidaiwa wanaume ishirini.
Alikuwa nao kumi na tisa
alipomwona babu akizibua mfereji wa mpunga.
"Miezi mitatu tu. Utarudi na kitambaa cha shati."
Babu akaacha jembe limesimama topeni.
Hata kulitoa hakuona haja.

Romusha, wakaitwa. Kwa lugha ya wenye bunduki
ni kibarua tu, hakuna zaidi.
Neno halina kosa. Hata kamba haina kosa.

Kitambaa hakikuja. Nguo zikawaozea mwilini;
wakavaa magunia, na magunia yalipokwisha
wakavaa shuka za mpira mbichi, zenye uvundo,
zilizoganda juani
na usiku zikabanduka pamoja na ngozi.

Kinamasi kilikula kifusi asubuhi, jioni kikadai tena.
Daraja la Mto Kampar likasombwa na mafuriko.
Walilijenga upya kwa magogo yaleyale,
waliyoyaopoa bondeni,
na si magogo tu waliyoopoa.

Wageni wanaokuja na kamera husema:
kila taruma moja, maiti moja.
Babu aliikataa hesabu hiyo.
"Taruma," alisema, "lilihesabiwa.
Lilipigwa chapa, likaandikwa daftarini kwa wino.
Likikosekana moja, tulisimama juani mpaka lionekane.
Karsono alikosekana Jumanne.
Jumatano tukagawana uji wake."

Wafungwa wa Kizungu nao walikufa, kwa kuhara uleule,
lakini mwenzao mmoja alificha orodha ndani ya mwanzi,
na vita vilipokwisha mifupa yao ikatafutwa,
ikalazwa mahali penye majina.
"Sisi," alisema babu, "hatukuwa na mwanzi."
Alikuwa na majina manne kichwani. La nne
halikuwa jina: Kidal, yaani Shoto,
kwa vile alishika nyundo kwa mkono wa kushoto.
Mamake alimwitaje, nani ajuaye?

Msumari wa mwisho ulipigwa tarehe kumi na tano Agosti.
Siku ileile, redioni, vita vikaisha.
Hakuna aliyewaambia.
Waliendelea kushindilia kokoto siku tisa,
alisema babu. Jirani yake Tukiyo alisema kumi na moja.
Walibishana juu ya siku hizo mbili hadi uzeeni,
kila mmoja akizing'ang'ania kama shamba la urithi.

Kilomita mia mbili na ushei. Treni chache zikapita,
kisha msitu ukachukua chake,
wachuuzi wa chuma chakavu wakachukua chao.
Leo ni michikichi mitupu, safu kwa safu,
imenyooka kuliko ilivyowahi kunyooka reli.

Bibi alimwuliza mara moja mbona hakurudi kwao.
"Nitamwambia nini mkuu wa kijiji? Kwamba shati halikunitosha?"
Akacheka peke yake.

Sasa mwalimu ni mimi.
Nagonga chuma taratibu, maana mlio wake ni mkali,
kisha nafungua daftari na kuita majina.
Leo Suparni hajaitika.
Nani amemwona? Njiani? Jana jioni?
Watoto wanatazamana, wengine wameshafungua vitabu.
Vifungeni.
Nani amemwona Suparni?